Mierezi ya Nakunda na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu. Kisa ninacho, hukumu sina. Hiyo mtaitoa ninyi.

Huko milima ya Upare, Nakunda aliolewa katika nyumba iliyojengwa chini ya mteremko mkali. Alitamani mambo mawili: mtoto, na mierezi nyuma ya nyumba, ile miti mikubwa isiyopukutisha majani kiangazi wala masika. Mumewe, Kajiru, alicheka. "Mwerezi ni mti wa msituni, mke wangu. Nyumbani watu hupanda migomba."

Lakini Nakunda alikuwa na wanawake watatu upande wake. Mama mkwe wake, Nanzia, aliujua msitu kama jiko lake. Wifi yake, Naetwe, alikuwa na subira isiyochoka. Na jirani yao, Bi Zamlia, alikuwa na ulimi.

Nanzia ndiye aliyepanda mlimani, magoti yakimuuma, akaokota mbegu chini ya mwerezi mkongwe. Akazisia kwenye makopo kivulini. Nyingi zilioza. Akarudi tena msituni, na tena.

"Mama, pumzika basi," Nakunda alimsihi.

"Nitapumzika miche ikishika ardhi," akajibu. Na ikashika.

Kisha ukaja ukame, chemchemi ya karibu ikakauka. Naetwe ndiye aliyeshuka bondeni kila alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Aliifunika miche kwa majani ya mgomba, akainywesha kidogo kidogo kama mtu anayelisha mgonjwa. Watu walimcheka njiani. Yeye akazidi kupanda na ndoo yake. Mvua iliporudi, bustani nzima ilikuwa imekauka isipokuwa mierezi.

Miaka ikapita. Miti ikalipita paa, na mtoto hakuja. Nakunda alizoea kusimama chini ya miti ile, akivuta harufu yake, akilia mahali ambapo hakuna wa kumuuliza kitu. Mwaka mmoja, njaa ilipobana, Kajiru akakubaliana na wapasua mbao. Wakaja na misumeno. Nakunda alimsihi mumewe, lakini wapi!

Bi Zamlia akatokea na ungo wa maharage, akaketi chini ya mwerezi wa kwanza, akaegemea shina, akanyoosha miguu. "Haya wanangu, anzeni na hii miguu."

Akachambua maharage huku akisema. Alisema juu ya mteremko wa kijiji cha pili uliokatwa miti, ukashuka na zizi na ng'ombe wake. Alisema juu ya Nanzia na magoti yake, na Naetwe na ndoo yake. Jua likasogea, naye anasema. Mwishowe Kajiru akainamisha uso. "Nendeni, ndugu zangu. Miti hii haikatwi."

Ndipo Nakunda akashika mimba, wakati hata yeye alikuwa ameacha kuhesabu miezi. Uchungu ulimkuta masika, barabara imekatika, mvua haijanyamaza kwa siku kadhaa. Mchana ule mlima ukanguruma. Tope na mawe vikaporomoka moja kwa moja kuelekea nyumbani, vikaigonga mierezi, vikarundikana pale. Miti iliyumba, mizizi ikashika. Ndani, mtoto wa kike akalia.

Mkunga alimfuta Nakunda jasho. "Mshukuru Mungu kwa huyu, mwanangu. Mwingine hatakuja."

Siku ya kumpa mtoto jina, Nakunda alitaka kushukuru kwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo: mtoto aitwe jina la aliyeiokoa nyumba ile.

"Mila za kumpa jina la bibi tuziweke kando," alisema Nanzia. "Ila bila mbegu zangu, wifi yako angenywesha nini?"

Naetwe, asiyezoea kusema, alisema. "Na bila maji, mama, miche yako ingekuwa kuni za kuwashia moto."

Bi Zamlia akacheka. "Mlipanda, mkakuza, sawa. Siku ya msumeno mlikuwa wapi?"

Wote watatu wakacheka, kisha wakamtazama Nakunda. Naye alimtazama mwanawe aliyelala kifuani, moyo umejaa shukrani, na jina moja tu la kutoa.

Basi nawaulizeni ninyi mliosikia: mtoto yule aitwe Nanzia, Naetwe au Zamlia? Je, ungekuwa wewe, ungeamua vipi?