Baragumu la Kiboko na Homa ya Mzee Pimbi

—Nianze?
—Anza.
—Nianze polepole, au mna safari?
—Polepole, hatuendi popote.
—Mungu mbele?
—Mbele, sisi nyuma.
—Msimuliaji akisema uongo?
—Tutaumeza.
—Akisema kweli?
—Tutaitafuna kwanza.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa na miji yao na misikiti yao, palikuwa na mji ukiitwa Majabalini. Katika mji huo aliishi Bi Pimbi, mdogo wa umbo, mchache wa maneno, mwenye kusali sala tano na kuongeza. Mumewe, Mzee Pimbi, alishikwa na homa. Siku ya kwanza homa. Siku ya pili homa. Siku ya tisa Mungu akamchukua, Bi Pimbi amemshika mkono. Alikufa kitandani, juu ya shuka safi, ametamka shahada. Ndivyo alivyokufa, na hakuna zaidi.

Katika mji huo huo alikuwako Bwana Kiboko. Kiboko alikuwa na mdomo mpana kuliko wote, kwa hiyo wakampa baragumu. Kila siku baada ya sala ya alasiri alipanda kilimani, ndi, ndi, ndi, akapuliza, buuu, buuu, akatoa habari: nani kazaa, nani kaoa, nani kaposa akakataliwa, nani kafa. Wanawake walitua ndoo zao. Wanaume waliacha bao katikati. Kisha mji mzima ulikaa kuijadili habari mpaka magharibi. Wengine walisema Kiboko anawapendelea watu wa mtoni. Wengine walisema baragumu la siku hizi si kama la zamani. Na hao waliolisema vibaya ndio waliowahi nafasi za mbele kesho yake.

Desturi ya Majabalini ilikuwa hii: nyumba yenye habari humpa mpiga baragumu sinia la kwanza. Ikiwa harusi, sinia la kwanza. Ikiwa msiba, sinia la kwanza. Asichokimaliza hukibeba. Huko mtoni Kiboko alikuwa na ghala mbili, zimejaa alivyovibeba.

Mzee Pimbi alipokufa, Kiboko alikuja, akala sinia la kwanza, akauliza marehemu kafa na nini. Akaambiwa homa. Akanuna. Akapanda kilimani, ndi, ndi, ndi. Buuu, buuu. Akatangaza kwamba Mzee Pimbi ameanguka kutoka kwenye ukuta wa shamba la watu, na mashavu yake yamekutwa yamejaa viazi vitamu vya wizi.

"Baragumu limesema," mji ukasema.

"Kama limesema, limesema."

Siku ya kumzika walikuja watu wanne. Alikuja Shehe Kobe, aliyemwosha. Alikuja Kanga, jirani. Na walikuja wawili wengine waliotaka kuyaona mashavu.

Bi Pimbi akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Alisali, alivuta tasbihi, aliota jua la dirishani. Kanga ndiye aliyemletea maji na habari. Maji nusu ndoo, habari ndoo nzima. Siku zikaenda, na kadiri zilivyokwenda ndivyo Bi Pimbi alivyokosa raha. Siku ya arobaini ni siku ya hitima, watu hukusanyika wamsomee marehemu na kumwombea. Nani angekuja kumwombea mwizi wa viazi? Hakutaka kisasi, kwa kuwa kisasi alikwisha kumwachia Mungu. Alitaka jambo moja tu: mumewe aombewe na watu wanaojua alivyokufa.

Siku ya thelathini na nne akamtuma Kanga amwite Kiboko. Kiboko akaja, akaketi upande wa pili wa pazia, nyumba ikalalamika. Kanga akabaki kibarazani, shingo ndefu. Bi Pimbi akamwomba Kiboko kwa adabu zote apande kilimani aseme ukweli.

Kiboko akacheka, vikombe vikatikisika. "Mama, habari ya baragumu haifutwi. Ikifutwa moja, watauliza ya pili."

"Lakini alikufa kwa homa, Bwana. Mimi nilikuwapo."

"Ulikuwapo, ndiyo. Kwa hiyo una upande. Mimi sikuwapo, kwa hiyo sina upande."

 Bi Pimbi akauliza basi viazi vimetoka wapi.

"Homa ni homa tu, mama. Nani atasimama juani kusikiliza homa?" Akainuka. Alikuwa na huruma yake kidogo, maana mlangoni aligeuka akatoa ushauri: Bi Pimbi amtafutie habari kubwa kuliko hiyo. Watu wakipata kubwa, husahau ndogo.

Bi Pimbi akakaa siku mbili anawaza. Kusema uongo hakutaka. Yumo edani, na hata asingekuwamo asingetaka. Siku ya thelathini na sita akapika wali wa nazi, akapika mbaazi, akapika boga, akajaza sinia mpaka kingo, akamwita tena Kiboko. Kiboko akala. Chakwa, chakwa, chakwa.

"Ile habari kubwa umeipata?"

"Mtoni kuna mkubwa mmoja," akasema Bi Pimbi. "Kesho, inshallah, watu watakula kwake."

Chakwa, chakwa. "Mkubwa kiasi gani?"

"Mlangoni hupita kwa ubavu."

"Ana kitu?"

"Ana ghala mbili. Zimejaa."

"Ghala mbili." Kiboko akameza. "Amekufa?"

Bi Pimbi akanyamaza. Akavuta tasbihi, tik, tik, tik.

Sasa Kiboko alikuwa bingwa wa vimya. Kila kimya alichokutana nacho maishani alikigeuza habari. Akalamba sinia, akasema haya, kimya cha mjane kinatosha, msiba wa watu wazima hausemwi kwa sauti. Jina hakuliuliza. Na kujifikiria hakujifikiria. Tangu apewe baragumu hakuwahi kutangaza hata siku moja habari ya nyumba yake, kwa hiyo haikumpitia akilini kwamba nyumba yake nayo ni nyumba. Akatoka mbio, ndi, ndi, ndi. Bi Pimbi akaleta istighfari mara sabini, kwa tahadhari.

Alasiri ikafika. Buuu, buuu. Sauti ya Kiboko ikashuka kilimani, ikapita paa hadi paa. Msiba. Mkubwa wa mtoni amefariki, yule mwenye ghala mbili, yule apitaye mlangoni kwa ubavu. Na kwa kuwa habari isiyo na kiungo ilimkera, akaongeza: amekufa kwa ulafi, alikuwa mlafi tangu utoto wake, amepasuka juu ya sinia la jirani. Mazishi kesho asubuhi.

Kanga akaja mbio kwa Bi Pimbi, machozi yanamtoka. "Bwana Kiboko ametutoka."

"Nani kasema?"

"Baragumu limesema."

"Na baragumu kapiga nani?"

Kanga akasimama na mguu mmoja juu, akafikiri. "Bwana Kiboko," akasema. "Masikini. Mpaka dakika ya mwisho alikuwa kazini."

Yaliyotokea mtoni kesho yake Bi Pimbi hakuyaona. Aliyasikia kwa Kanga, naye Kanga aliyasimulia kwa mbawa na miguu. Asubuhi, Kiboko alikuwa akipita kando ya mto nyumba hadi nyumba, anautafuta msiba awahi sinia la kwanza. Mwisho akauona. Ulikuwa nyumbani kwake. Mikeka imetandikwa, vyungu viko motoni, ghala zote mbili ziko wazi, mji mzima unakula kwa huzuni. Akadhani wamekuja kupumzika njiani. Akaketi, akalalamika kwamba sinia la kwanza limekwisha toka bila yeye, akapewa la tatu, akala, akasifu boga la marehemu. Ndipo akauliza marehemu ni nani.

"Ni wewe, Bwana Kiboko," Kanga akamwambia. "Pole sana."

Kiboko akasema yeye ni mzima. Watu wakatazamana kwa huruma.

"Baragumu limesema," mji ukasema.

"Kama limesema, limesema."

Wachimba kaburi walikuwa thelathini, wanapokezana, kwa sababu ya upana. Shehe Kobe alikuwa ameshona shuka kumi na mbili ziwe sanda. Akamwendea Kiboko polepole, koto, koto, akamwomba kwa upole alale, maji ya kumwoshea yanapoa.

Kiboko akaona mikono imekwisha mshika miguu. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kwamba baragumu limekosea.

Mji ukaacha kutafuna.

"Limekosea jana," akauliza Shehe Kobe, "au huwa linakosea?"

"Jana tu."

"Na hili la jana umelijuaje?"

"Nilikuwapo. Ni habari yangu mimi."

"Ulikuwapo, ndiyo," akasema Kanga. "Kwa hiyo una upande."

Hapo Kiboko akamtaja Bi Pimbi. Akasema maneno yote kayatoa yule mjane. Basi mji mzima ukainuka na vyakula mikononi, ukaja mpaka uani kwa Bi Pimbi, Kiboko mbele, sanda begani, wachimba kaburi nyuma na majembe yao. Bi Pimbi alisikia vishindo, akashusha pazia vizuri, akajifunika.

Shehe Kobe akamuuliza kama alimwambia Bwana Kiboko kwamba mtu amekufa.

"Hapana, Shehe. Nilisema kuna mkubwa mtoni na watu watakula kwake. Hamkula?"

Wakasema wamekula.

"Basi nilisema hayo. Aliponiuliza kama amekufa, nilinyamaza." Akavuta pumzi. "Na mimi nina swali kwake, siku ya thelathini na saba hii nimelibeba. Mume wangu na viazi, nani alimwambia?"

Ikawa zamu ya Kiboko kunyamaza. Akautazama umati. Akautazama mpini wa jembe lililo karibu naye. 

"Hakuna aliyeniambia," akasema.

Shehe Kobe akamwambia achague: azikwe na baragumu lake likiwa safi, au apande kilimani aishi. Kiboko alisimama muda mrefu akipima. Kanga anaapa kwamba kwa kitambo kidogo alilikodolea macho kaburi. Kisha akaomba aambiwe maneno, maana ukweli hakuuzoea, asije akauongezea chumvi. Bi Pimbi akampa, neno moja moja, kama anavyofundishwa mtoto sura fupi.

Buuu, buuu.

"Kiboko yu hai. Mzee Pimbi wa Majabalini alikufa kwa homa, siku ya tisa, kitandani mwake, mkewe amemshika mkono. Hakuiba kitu cha mtu."

Bi Pimbi aliyasikia akiwa dirishani. Hayakuwa mageni, ni yeye aliyeyatoa. Lakini tangu amzike mumewe ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia kwa sauti ya mwingine, na tasbihi ilimponyoka, ikabidi aiokote chini.

Siku ya arobaini uwanja haukutosha. Walikuja waliokuja kuomba, na walikuja waliosikia kwamba hitima inapikwa kwa masalio ya ghala za Kiboko. Bi Pimbi hakuwapambanua. Wote waliinua mikono, wote waliitikia amina. Kiboko mwenyewe alikuja, akakaa mwisho, akapata sinia la mwisho, akalila lote kimya kimya. Jioni, wakiosha vyombo, Kanga alikiri kwa shoga yake mmoja kwamba homa ni kweli, haikatai, ila ile ya viazi ilikuwa tamu zaidi.

—Hadithi imefika, naitua chini.
—Itue.
—Mwataka funzo, au mmeshiba?
—Tupe tulale nalo.
—Funzo ni hili. Mwaminini mpiga baragumu siku zote, na msimsumbue kwa maswali, anahitaji kula. Wenye msiba msiwasikilize, maana wao walikuwapo. Na wewe unayetarajia kufa, usife kwa homa, unawachosha watu. Tafuta kifo chenye utamu.
—Tumesikia.
—Mungu awarehemu wote waliokufa kwa homa tu.
—Amina.