Plasta ya Mkono wa Kulia

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Anayebisha amuulize Tavita Leaupepe, mchezaji fundi wa kutoa pasi katika klabu moja ya raga magharibi mwa Sydney.

Kabla ya kila mechi, Tavita alifungwa plasta vidoleni, visiteguke, na Kelepi Fonua, pandikizi la Mtonga wa visiwa vya Pasifiki aliyecheza mstari wa mbele. Mtu hawezi kujifunga vizuri mkono anaoutumia, naye Kelepi alifunga kwa utaratibu kama mama anayesuka nywele. Uwanjani, Kelepi alivunja ukuta wa wapinzani na Tavita akapenya kwenye ufa. Magazeti yalimsifu aliyepenya.

Mkataba wa Tavita ulipokwisha, wakala wake alimshauri adai robo ya mishahara yote ya timu. Tavita aliijua sheria ya ligi: kila klabu imewekewa kikomo cha mishahara, chungu kimoja kwa wachezaji thelathini, na anayepakua zaidi humpunguzia mwenzake. Alijua, na bado akatia saini, kwa kuwa sifa zilikuwa zimemvimbisha kichwa. Wiki mbili baadaye Kelepi aliambiwa hana nafasi, akapata mkataba wa mwaka mmoja katika klabu ya Townsville, mji wa mbali kaskazini.

"Sina kinyongo, kaka," alisema akipakia mizigo garini. "Ila tafuta mtu wa kukufunga plasta."

Msimu ulipoanza, Tavita alijifunga kwa meno. Kila mpira ulipomfikia, ulimfikia pamoja na majitu matatu, maana mbele yake hapakuwa na wa kuwazuia. Walipoteza mechi tisa kati ya kumi na moja, na mashabiki wakambandika jina la Bwana Robo. Jumapili moja baada ya kanisa, mama yake alimpakulia majimbi na samaki wa nazi, akamuuliza mbona anatafuna kwa upande mmoja. Tavita alisema ni jino tu, hakutaja plasta.

Kisha timu ya Townsville ikaja. Kelepi alimwangusha chini kihalali kabisa, halafu akamwinua.

"Mbavu?" Kelepi aliuliza.

"Mbili zimeumia," alisema Tavita.

Kelepi alitazama plasta iliyokuwa ikining'inia vidoleni mwa rafiki yake. "Umejifunga vibaya," alisema, akarudi kwa wenzake. Neno hilo lilimuuma Tavita kuliko mbavu zenyewe.

Jumatatu alikwenda kwa meneja, akaomba msimu ujao apunguziwe theluthi ya mshahara, na nafasi itakayopatikana apewe Kelepi. Wakala alimwambia amerukwa na akili. Jioni Tavita akampigia Kelepi simu.

"Siji kwa kuhurumiwa," Kelepi alisema.

"Nani kakuhurumia? Mbavu zangu ndizo zinazokuita."

Kelepi akacheka.

Siku ya mechi ya kwanza ya msimu mpya, Tavita aliketi katika chumba cha kubadilishia nguo, ncha ya plasta ikiwa kati ya meno kwa mazoea. Mkono mpana ukaichukua.

"Lete vidole," alisema Kelepi.

Tavita aliunyosha mkono, machozi yakimlenga, wala hakuona haya. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.