Akina Restituta Watatu wa Mbuji

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawakuwa wakizungumzia kitanda peke yake. Walimlenga mtu mwenye shingo ngumu, anayekitamani kilicho chini huku akiona haya kukunja mgongo. Erasmo Kapinga alikuwa mtu wa namna hiyo, tena wa kupigiwa mfano.

Mwaka 2008 alirudi Mbinga kutoka Dar es Salaam akiwa na stashahada ya kompyuta na miguu isiyotulia. Chai ilimpolea mezani, milango aliiacha wazi, na maneno ya watu aliyamalizia mwenyewe kabla hawajafika nusu. Kikundi cha wakulima wa kahawa wa kijiji cha Mbuji kikampa kazi. Tangu soko liwe huria, walanguzi walikuwa wakisimamisha malori barabarani na kupanga bei watakavyo. Sasa alikuwa amepatikana mnunuzi wa ng'ambo, aliyetaka kuiona kahawa ya kila mkulima kwenye tovuti: jina, magunia na daraja. Angeufungua ukurasa Ijumaa ya juma lile, saa tisa alasiri, na kuchagua. Ambaye hayumo angebaki na walanguzi wake.

Erasmo aliamua kutumia kiunzi, yaani programu inayompa fundi nguzo na kenchi za tovuti zikiwa zimekwisha simamishwa, yeye akabakiwa na kuta tu. Hakuwahi kukigusa kabla ya hapo. Kilikuwa na mwongozo mnene, na somo lake la kwanza lilimtaka mwanafunzi atengeneze ukurasa wa salamu, kisha orodha ya vitabu vitatu vya kubuni. Erasmo alicheka, akasema hayo ni mambo ya chekechea, akaruka moja kwa moja hadi somo la tisa.

Benadetha, karani wa kikundi, hakujua kompyuta zaidi ya kupiga chapa. Yeye aliuchukua mwongozo ule akaanza mwanzo, kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni, akifuata kila mstari kwa kidole na kuandika kwenye daftari. Siku ya pili ilikwisha angali kwenye vile vitabu vitatu. Erasmo alimtania kwamba atafika somo la tisa mibuni ya Mbuji ikiwa imezeeka. Benadetha aliendelea kuandika.

Alhamisi Erasmo aliingiza majina sitini na manne kwa pupa, vidole vikikimbizana. Ukurasa ulipofunguka ukang'aa, hakuhesabu. Asubuhi ya Ijumaa wakulima walianza kuingia ofisini kujitazama, na miongoni mwao alikuwamo mama yake mzazi, Restituta Kapinga, amevaa kitenge cha kwendea misa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nionyeshe niko wapi."

Alimwonyesha kwa mbwembwe. Mama alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Mwanangu, huyu si mimi. Mimi nina magunia tisa. Haya matatu ni ya Restituta wa ng'ambo ya mto."

Mbuji nzima ilibatizwa kwa majina ya watakatifu walewale, na koo zenyewe si nyingi. Akina Restituta Kapinga walikuwa watatu, akina Tarsisi Ndunguru watano. Erasmo alikuwa amekiagiza kiunzi kimtambue mtu kwa jina lake, hivyo kila Restituta aliyeingia alimfuta aliyemtangulia. Kati ya sitini na wanne, walibaki arobaini na mmoja.

Aliona aibu, ile aibu inayochoma masikio. Akafungua somo la tisa, akarudi la saba, akabadilisha hiki, akafuta kile, akasimama, akaketi. Kufika saa sita ukurasa ulikuwa haufunguki kabisa. Mama yake aliketi kwenye benchi, akisubiri. Hatimaye Erasmo alivuta kigoda hadi pembeni kwa karani.

"Dada Benadetha, nianzie wapi?"

"Kwenye salamu, kaka."

Akaanza kwenye salamu, goti likimtikisika chini ya meza. Akafika kwenye vile vitabu vitatu, na hapo akakuta kwamba viwili vilikuwa na jina moja. Mwandishi wa mwongozo alifanya hivyo makusudi, apate kufundisha kwamba kila kitu kiachwe kipewe namba yake na kiunzi, jina libaki kuwa jina tu. Benadetha alikuwa ameipigia mistari sentensi hiyo tangu Jumanne.

Waliyaingiza majina upya, karani akisoma, fundi akiandika. Zilipobaki dakika sita kufika saa tisa walihesabu pamoja, wakapata sitini na manne.

Saa tisa na nusu ujumbe wa mnunuzi uliingia. Katika orodha ya aliowachagua, wa kwanza alikuwa namba hamsini na nane, magunia tisa.

"Hiyo namba ni nani?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

Erasmo alikwenda akapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote, machozi yakimlengalenga.

"Ni wewe, mama. Nisamehe."

Kwa hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.