Viazi Vilivyotangulia Kwenye Theluji

"Mlima ukiguna, haukusalimii." Mmeisikia sokoni mkacheka, sasa mwataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Anayemenya ndizi aendelee. Masikio hayashiki kisu. Methali hii ilizaliwa hivi.

Zamani wapagazi wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hawakukanyaga theluji kabla ya kuvua kofia na kuuamkia mlima: "Shikamoo, Babu!" Mlima haukuwahi kujibu, na hakuna aliyeudhika. Wazee wengine ndivyo walivyo.

Asubuhi moja, baada ya theluji na upepo wa usiku kucha, Ndeshi, mpishi wa safari za wageni, alikuwa akipanda nyuma ya Kisamo, mpagazi mwenye miguu ya mbuzi na mdomo wa chiriku. Jumamosi ile Kisamo alikuwa amwoe Aikande, mdogo wake Ndeshi. Lakini mgeni mmoja alikuwa amemwachia mbao mbili ndefu za kutelezea juu ya theluji, naye Kisamo akawaapia watu kwamba hataoa kabla hajashuka nazo. Aikande alimwambia dada yake neno moja tu: "Nirudishie akiwa mzima."

Wakafika ukingoni mwa mteremko mweupe, laini kama shuka ya bibi harusi. Kisamo akavua kofia.

"Shikamoo, Babu!" Akapiga hatua.

Vuuum! Theluji ikaguna chini ya miguu yao, ikadidimia kidogo. Ndeshi akarudi nyuma.

"Umesikia, shemeji?" Kisamo akarukaruka. "Kaitikia! Tangu enzi za mababu hajamjibu mtu, leo kanijibu mimi!"

"Babu yenu akiguna hivyo kitandani, huwa kafurahi?"

"Wivu huo!"

Ndeshi akachomoa mwiko kiunoni, akachimba. Juu theluji ilikuwa ngumu kama ukoko wa ugali. Chini yake punje tupu, hazishikani, zinamwagika kama sukari. Akaukata ule ukoko pande zote, akaugonga kwa mwiko. Kipande kizima kikateleza, kikamwangukia mapajani.

"Tazama. Ukoko umekalia sukari, na wewe unataka kuukalia ukoko."

"Mimi mwepesi," alisema Kisamo, akifunga kamba za mbao zake.

"Basi wazito watangulie."

Akalivuta gunia la viazi alilopanda nalo, akalisukuma mteremkoni.

"Shemeji! Viazi vya wageni!"

Gunia likabiringika kidogo tu. Ufa ukatokea, ukakimbia kukata mteremko mzima, chwaaa, kama kitenge kinachochanwa. Kisha upande wote wa mlima ukang'oka, ukashuka kwa ngurumo, moshi mweupe ukafunika jua. Ulipotulia, mbele ya vidole vya Kisamo palikuwa mwamba mtupu. Huko chini, lundo kubwa kuliko kanisa. Gunia halikuonekana tena.

Kisamo akafungua kamba za mbao. Akavaa kofia.

"Shemeji."

"Naam."

"Hizi mbao... zinawaka vizuri?"

Maharage ya wageni yakaiva kwa mbao hizo, maana viazi havikuwepo. Jumamosi Aikande akaolewa na bwana mzima, mwenye viungo vyake vyote. Ila tangu siku hiyo, kila Kisamo alipoanza kujitapa, mtu alimuuliza kwa upole, "Viazi hawajambo?"

Na wapagazi wanamwamkia Babu mpaka leo. Akinyamaza, wanapita. Akijibu, wanageuka wote na mizigo yao, bila kungoja kuulizwa habari za nyumbani. Mlima ukiguna, haukusalimii.