Nguchiro na Kitabu Alichokililia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule zao na hospitali zao zenye vitanda vya shuka nyeupe, alikuwako Nguchiro. Mdogo! Ungemweka mfukoni ungemsahau. Lakini mdomo wake, wanangu, haukuenea kwenye mfuko wowote.

Nguchiro alikuwa akisomea udaktari. Pamoja naye walikuwamo Kiboko na Nyati, wawili wenye miili, sauti na majivuno. Masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha. Sasa walihama wodi hadi wodi, wakimfuata Mwalimu Korongo kitanda kwa kitanda, na kila wodi ilikuwa na mtihani wake. Unaletewa mgonjwa mwenyewe, anayepumua, unampima, unasema anaumwa nini. Basi.

Vitabu vya kusomea vilikaa kwenye rafu moja, na desturi ilikuwa mwenye mwili mkubwa achague kwanza. Nani aliipitisha desturi hiyo? Wenye miili mikubwa! Mimi hata leo nikiikumbuka napandwa na hasira.

Na ajabu ni kwamba Kiboko na Nyati hawakujua wachague kipi. Walichungulia macho ya wenzao tu. Wakiona mtu anakitamani kitabu, hicho hicho ndicho wanakinyakua. Katika wodi ya watoto Nguchiro alilitazama desa moja dogo, kijitabu chenye maswali ya mazoezi. Nyati akaliona jicho lake. Nyaku! Akalichukua, akaenda kujipepea nalo. Nguchiro akaingia kwenye mtihani bila kusoma chochote, akafeli.

Sasa ilibaki wodi ya wazee. Akifeli tena, anadisko: anafungasha, anarudi kwao bondeni, na shule haimpokei tena. Na kule bondeni hakukuwa na daktari hata mmoja. Mama yake mdogo alikufa kwa homa huku ukoo mzima umemzunguka, hakuna aliyejua la kufanya. Nguchiro aliogopa. Aliogopa sana, ila hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga wake.

"Nirudi kwetu mikono mitupu kwa sababu Nyati alisikia joto?" akasema. "Thubutu!"

Siku ya kuchagua vitabu ikafika. Nguchiro akawahi mapema. Desa lile lilikuwa limerudishwa rafuni, jembamba, limekunjika pembe zote. Hakuligusa. Hata kulitupia jicho hakulitupia. Akapanda juu kabisa, akalikumbatia buku nene lililojaa vumbi, akaangua kilio.

"Uwii! Uwii! Kitabu changu mie!"

Kishindo, ti! ti! ti! Kiboko na Nyati hao wakaingia.

"Unalilia nini, we kadudu?" Kiboko akauliza.

"Chukueni vingine vyote, kaka zangu. Hiki nawasihi, msikichukue!"

Nyati akamkonyeza Kiboko. "Umesikia? Tusikichukue."

"Kina nini ndani?" Kiboko akauliza, mate yakimtoka.

"Hakina kitu cha kuwafaa," Nguchiro akasema, akizidi kukibana kifuani. "Nawaapia, hakitawafaa hata kidogo."

Mnamwona, wanangu? Hajasema uongo hata neno moja.

"Mkubwa kwanza! Shuka!" Kiboko akafoka.

"Sishuki!"

"Nimesema shuka!"

"Na mimi nimesema sishuki!"

Kiboko akaitikisa rafu kwa bega. Puu! Buku chini, Nguchiro juu yake. Kiboko akashika upande huu, Nyati akashika upande ule, wakavutana. Chraaa! Jalada likarukia dirishani, buku likawa vipande viwili. Kila mmoja akatimka na chake kabla mwenzake hajakitamani. Jina la kitabu hakuna aliyeliuliza.

Nguchiro akapangusa machozi, akalichukua desa lake, akaenda zake wodini akipiga mluzi.

Tangu siku hiyo alikuwa akisoma swali moja, analiweka desa chini, anaenda kitandani kulitafuta jibu kwa mgonjwa. Aliyekohoa alimsikiliza kifua, pande zote mbili. Aliyevimba miguu alimbonyeza. Wazee wakampenda, wakamsimulia maradhi yao na ya majirani zao. Kiboko na Nyati walijifungia chumbani, wakikariri kama wanaotwanga mahindi. Mwalimu Korongo akiwaita wodini, walijibu kupitia dirishani, "Mwalimu, hatuna muda wa wagonjwa. Tunasoma udaktari!"

Mtihani ukafika. Aliyelazwa kitandani alikuwa Babu Ngiri, aliyeletwa na wanawe asubuhi ile. Walilia kwamba baba yao ameharibikiwa akili: akiulizwa hili hajibu, akiambiwa lile anacheka tu.

Kiboko akatangulia. Akasimama mlangoni, akapaza sauti, "Mgonjwa! Unaumwa nini?"

Babu Ngiri kimya.

"Hajibu," Kiboko akasema. "Ni kawaida yao, hawa hawasemi. Nimemkagua mapezi, Mwalimu, yameng'oka yote. Arudishwe majini haraka!"

Mwalimu Korongo akakunja shingo. "Mapezi?"

"Mwenzangu amekosea!" Nyati akadakia, akajitosa mbele. "Shida ni magamba. Yamembanduka mwili mzima, hakubaki hata moja. Huyu hafiki jioni!"

Wana wa Babu Ngiri wakapiga yowe. Babu mwenyewe akacheka tu.

"Nguchiro," Mwalimu akaita, sauti imechoka.

Nguchiro akanawa mikono, akaenda hadi kitandani. "Shikamoo, babu."

Kimya.

Hakukasirika, wala hakukimbilia jibu. Akazunguka akasimama mbele yake, akamshika mkono. Babu akatabasamu, akamkazia macho mdomoni. Mdomoni, si usoni! Nguchiro akawaza, huyu mzee anatafuta maneno yangu kwa macho. Kwa nini?

Akaomba tochi, akamulika sikio la kulia. Akamulika na la kushoto. Akaomba maji ya vuguvugu, akayatia taratibu, chwi, chwi, chwi, akasubiri. Nta ikatoka, bonge jeusi hili, kisha la pili.

Babu Ngiri akashtuka, akaziba masikio. "Lo! Nyie watoto, mbona mnapiga kelele hivyo?"

"Mwalimu," Nguchiro akasema, "babu akili zake timamu. Alikuwa hasikii tu."

Wanawe wakamkumbatia baba yao, wakicheka na kulia. Nguchiro naye machozi yakamtoka, na safari hii hakuyapanga.

Mwalimu Korongo akawageukia wale wawili. "Mapezi! Magamba! Nyinyi mmesoma kitabu gani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekijua.

"*Magonjwa ya Samaki wa Bahari Kuu*, Mwalimu," Nguchiro akasema. "Mimi nililisoma jalada."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Kiboko akanguruma, akamjia juu. "Umetudanganya! Ulikililia wewe!"

Nguchiro hakurudi nyuma hata hatua moja. Akainua pua yake juu, mbele ya wale wakubwa wawili.

"Nilikililia, ndiyo. Nikawaambia msikichukue. Nikawaambia hakitawafaa. Nani kati yenu alinisikiliza?"

Kiboko ndiye aliyerudi nyuma.

"Basi masikio ya babu nimeyazibua," Nguchiro akasema. "Yenu siyawezi."

Mwalimu Korongo akamfaulisha palepale. Wale wawili akawarudisha wodini kuanza upya, na rafuni akaamuru wawe wa mwisho kuchagua.

Yangu nimeyamaliza, wanangu, nanyi shikeni hili: achaguaye kwa jicho la mwenzake hubeba asichokijua.