Nani Alimrudishia Mkwe Pumzi?

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, mvua ya kwanza iliinyeshea Ihanga, kisha ikakaa kimya. Nanyi mnaujua udongo wa Ihanga. Ni mwekundu na hauna subira. Mvua ikinyesha, unalainika kama ugali wa moto. Jua likirudi, unakauka kama tofali, na jembe ukilipiga chini linakujibu: kwaa!

Trekta kijijini lilikuwa moja, dogo, la dizeli, mali ya Mama Sekinyaga. Watu waliliita Mkwe. Kwa nini Mkwe? Kwa sababu alitoka mbali, alikula kwanza, na hakuna aliyethubutu kumtukana mbele ya mwenyewe.

Asubuhi ile Mkwe aliunguruma: tuk-tuk-tuk-tuk! Akafika njia panda, pale njia tatu zinapoachana kwenda mashambani. Tuk... tuk... puu. Kimya.

Sekinyaga akawasha tena. Tuk... puu. Kimya.

Sekinyaga akasimama juu ya kiti, akapaza sauti: "Jamani, Mkwe amekata pumzi! Atakayemrudishia pumzi, shamba lake nalima la kwanza!"

La kwanza, wasikilizaji wangu, maana yake lilikuwa la pekee. Kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Dizeli iliyobaki tangini ingetosha shamba moja tu. Na jua lilikuwa limekwisha toka.

Akaja Mgongolwa, baba wa watoto wengi, ambaye ghalani kwake hata panya walikuwa wamehama.

"Kamwene, Mkwe," akasalimia, akalala kwenye tope. Chini ya tangi kuna kikombe cha kioo, dizeli hupita humo kabla ya kwenda kwenye injini. Mgongolwa akakifungua, akakiinua juani. Juu dizeli, rangi ya chai. Chini maji, meupe kabisa.

"Maji! Nani kamnywesha mkwe wetu maji?"

Watu wote wakamgeukia Kalinga. Kalinga ndiye aliyeifuata dizeli ng'ambo. Alirudi mto ukiwa unapanda, dumu begani, maji kifuani. Akateleza. Dumu hakuliachia, ila bega liliteguka, na mkono wake wa kulia sasa ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa khanga.

"Dumu lilikuwa la ulanzi," akasema Kalinga. "Niliona aibu kumpa Mkwe pombe. Nikalisuuza mtoni kabla ya kununua."

"Na ukalikausha?"

"Kwa jua lipi, kaka?"

"Ungeacha ulanzi humohumo!" akadakia mtu. "Angalau angeimba!"

Wakacheka. Mgongolwa hakucheka. Akamwaga maji, akaosha chujio kwa dizeli, akaacha dizeli itiririke mpaka ikaja safi. Akafunga. Sekinyaga akawasha.

Tuk. Tuk. Puu. Kimya.

"Sogea, kaka," akasema Kalinga. "Ulipofungua kikombe, hewa imeingia bombani, na dizeli haipiti penye hewa. Mashine ya kusaga niliyokuwa naiendesha ilikuwa na ugonjwa huuhuu."

Kwa mkono wa kushoto akalegeza skrubu ya pampu. Likatoka povu, jeupe, likichemka kama ulanzi wa jana. Akasubiri. Povu likapungua, mapovu yakaisha, ikabaki dizeli tupu. Akakaza skrubu huku ameuma meno, jasho likimdondoka kwenye khanga.

Tuk-tuk-tuk-tuk! Vigelegele! Mkwe akaondoka, jembe nyuma, watu nyuma ya jembe. Akapita kwenye mkuyu, akapita kwenye kichuguu. Tuk... tuk... puu. Kimya.

Wakangoja. Akawaka. Akaenda kidogo. Puu. Wakangoja. Akawaka. Akaenda kidogo. Puu. Alikuwa kama mgonjwa wa pumu anayepanda mlima.

Sasa, nyuma ya watu alisimama Twilumba, na kikapu cha mbegu kichwani. Twilumba ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia shamba na mama mkwe kipofu. Macho yake yakaangukia kifuniko cha tangi, akakumbuka.

Wakati wa mvua Mkwe alilala uani kwake. Twilumba aliona tundu dogo juu ya kifuniko, matone yakirukia hapo. Akamhurumia. Akakata kipande cha sabuni ya mche, akaziba, kama tunavyoziba ndoo inayovuja. Hakumwambia mtu. Hakuna aliyemwona.

Angeweza kuitoa sabuni ile kimyakimya na kuitwa fundi.

Akatua kikapu, akapanda juu ya gurudumu, akakizungusha kifuniko. Fyuuuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Twilumba akachokoa sabuni kwa mwiba, akaiinua watu wote waione.

"Jamani, ni mimi. Nilidhani nazuia mvua."

Sekinyaga akashika kichwa. "Twilumba, mwanangu! Dumu lenye tundu moja linamwaga maji?"

"Linakwama, mama."

"Na tangi ni vivyo hivyo! Dizeli ikishuka, lazima hewa iingie nyuma yake!"

Kifuniko kikarudi, tundu wazi. Mkwe akawaka. Akageuka, akakipita tena kichuguu, akarudi njia panda, akasimama akiunguruma bila kukohoa. Tuk-tuk-tuk-tuk.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mgongolwa akasema: "Aliyezama, kwanza hutolewa maji. Maji nimeyatoa mimi. Na kati yetu watatu, ni mimi peke yangu niliyetibu bila kuleta ugonjwa."

"Na hewa bombani iliingizwa na nani?" akauliza Kalinga. "Nyani wewe, hujioni nyuma!"

"Ningekiosha kikombe bila kukifungua, ndugu yangu? Nioneshe."

Kalinga akasema: "Maji ni yangu, sikatai. Lakini dizeli nayo ni yangu. Bila bega hili mngekuwa mnatibu maiti. Ninyi mkikosa trekta mtashika jembe. Mimi nitashika kwa nini, kwa meno?"

Twilumba alikuwa akiifinyanga ile sabuni mkononi. Akasema: "Mama, neno lako lilikuwa pumzi. Maji si pumzi. Na hewa aliyoigusa Kalinga, aliitoa. Mimi ndiye niliyeiingiza."

"Baada ya kuiziba!" akafoka Mgongolwa. "Mtu achome nyumba, kisha alete maji, tumpe zawadi?"

"Aliyechoma alitaka kuwapasha wenzake moto," akasema Kalinga taratibu, hata yeye akashangaa kujisikia.

"Nimesema kweli, na sikusema ili nisifiwe," akasema Twilumba. "Lakini mama mkwe wangu hawezi kula ukweli wangu."

Kisha mtu mmoja akasema, "Si tugawane? Kila mtu apate kipande."

Sekinyaga akatikisa kichwa. "Mashamba yako pande tatu. Mkwe atayanywa mafuta njiani, na hakuna atakayevuna cha kujaza chungu."

Akakaa kitini, akashika usukani. Kushoto, bondeni, watoto wa Mgongolwa wamepanga mstari. Katikati, njia ya kwa Kalinga. Kulia, mlangoni kwa Twilumba, bibi asiyeona ametega sikio, anausikia mngurumo, hajui unakwenda kwa nani.

Mmoja alitoa maji. Mmoja alitoa hewa. Mmoja alitia hewa. Hewa ni ileile: bombani ni ugonjwa, tangini ni uhai.

Je, nani alimrudishia Mkwe pumzi? Nani alistahili? Semeni, wasikilizaji wangu, lakini semeni upesi. Mkwe anaunguruma njia panda, na mafuta yanaungua.