Kibuyu cha Mheshimiwa Fisi

Liko fumbo ambalo msimulizi wa kisa hiki amelizunguka miaka mingi bila kulifumbua: mjumbe ni kibuyu, au ni kichwa? Kama ni kibuyu, na amimine alichotiwa na wenzake, vilevile. Kama ni kichwa, basi afikiri. Kila upande ukisema, yeye huona una haki. Tegeni sikio, mpime wenyewe.

Kilikuja kiangazi kilichokausha hata matope. Wanyama wa Bonde la Mikwaju walibakiwa na njia mbili: kuchimba kisima kwenye mkondo wa mto uliokauka, au kuhamia kinamasi cha mbali, mwendo wa siku saba. Kobe aliposikia "siku saba" akapiga hesabu. Siku saba za Swala ni miezi saba ya Kobe, na njiani kule hakukuwa na tone la maji.

Mkondo ule ulikuwa milki ya Simba, na Simba kwa majivuno yake hakuzungumza na halaiki. Sharti apelekewe mjumbe. Mwaka uliopita alitumwa Nyumbu. Kila alipoitwa njiani aligeuka na kubadili ujumbe, akazunguka hivyo mpaka msimu ukapita hajafika. Ndiyo maana safari hii walimchagua Fisi, asiyegeuka kwa lolote ila mfupa.

Desturi yao ilikuwa hii: mtaka kisima alitia kokoto kibuyuni, mtaka kuhama alitia jani. Kokoto zikawa tele, majani matatu tu. Sungura akakifunga kibuyu kwa ukanda wa ngozi mbichi, bado una mafutamafuta.

"Mheshimiwa, fundo hili hulifungua Simba peke yake."

"Unanifundisha kazi, we masikio?" Fisi akajibu, macho yameganda kwenye ngozi.

Sungura akamnong'oneza Kobe, "Mzee, anza safari sasa hivi."

"Kwani nami ni mjumbe?"

"Hapana. Lakini mheshimiwa atalala kwanza. Ukifika, kaa uwe jiwe."

Kobe akajikokota hadi mbele ya pango la Simba, akaingiza kichwa ndani ya gamba, akatulia. Haikupita saa, Fisi akatokea, akamkalia mgongoni, akakimimina kibuyu mbele ya Simba. Yakatoka majani matupu.

"Mfalme, wananchi wote kwa sauti moja wanataka kuhama," akasema. "Nami kwa huruma yangu nitatembea nyuma kabisa, niwasindikize watakaochoka."

Jiwe likatoa shingo. "Na kokoto yangu iko wapi?"

Fisi akaruka kama aliyekalia siafu.

"Na ukanda wa kibuyu?" Simba akauliza.

"Ulikatika njiani, Mfalme."

"Ukaangukia wapi?"

Fisi akafungua kinywa ajibu, na kipande cha ngozi kikaonekana kikining'inia kwenye chonge.

Wanyama wote wakaitwa barazani. Fisi hakuomba radhi. "Kwani mlinichagua niwe kibuyu?" akafoka. "Kibuyu hakina akili! Kichwa changu kiliona mnakosea."

Hata Kobe alikiri moyoni kwamba neno lile lina uzito, maana wengi nao huweza kukosea.

"Ungemimina kokoto zetu kwanza," Sungura akasema, "kisha ukaweka jani lako juu, useme: hili ni langu. Nani angekulaumu? Lakini wewe zetu ulizitupa. Na katika kuhama huko, nani angeshiba?"

"Yeye," Kobe akajibu. "Na siku ya kwanza, chakula ni mimi."

Baraza likaangua kicheko. Simba akaunguruma, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, akaamua: Fisi avuliwe ujumbe, kisima kichimbwe, na tangu siku ile mjumbe amimine ya watu kwanza, hadharani, ndipo aongeze lake.

Aliyekichimba kile kisima mpaka maji yakachuruzika ni Fisi mwenyewe, ndiyo adhabu yake, kwa kucha zake, vumbi limemjaa puani. Kobe aliketi ukingoni akimwelekeza.

"Taratibu, mheshimiwa," alimwambia. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."